Atoo Hakuwa Mvivu

Waliosoma sehemu iliyopita wananijua tayari kwa ubaya mmoja. Mimi Adoch, mwenyekiti wa wake wa polisi katika kambi yetu hapa Kampala, niliingia kwa mwanamke mgonjwa nikachukua sigiri yake, jiko lake pekee la makaa, maharage yakiwa bado hayajaiva.

Kwa ambaye hakusoma, niliichukua kwa sheria niliyoitunga mwenyewe. Jumamosi saa moja asubuhi wake wote hutoka na mafagio kusafisha kambi. Asiyetoka, sigiri yake huchukuliwa ikawekwa mbele ya mlango wangu. Akiitaka, aje aiombe kwa magoti, wenzake wakitazama.

Atoo alikosa Jumamosi nne. Kila mara alisema jambo moja, kwamba mwili wote unamuuma na uchovu haumtoki hata akilala. Hospitali hawakuona kitu. Nami nikasema mbele ya watu, "Ugonjwa usio na jina ni uvivu." Watu wakacheka. Mumewe, konstebo, akaona aibu, akamfukuza. Aliondoka na begi moja.

Miezi minne baadaye nilimzika mume wangu, Sajini Odyek. Na niliporudi kutoka mazishini, maumivu yalirudi pamoja nami.

Hapo ndipo nilipoishia. Sehemu hii ya leo ndiyo niliyotamani kuiruka.

Yalianzia mabegani. Nilidhani ni uchovu wa matanga tu. Siku tano nilipikia waombolezaji kijijini kwa marehemu, sikukaa chini, wala sikulia. Wageni walikuwa wengi. Mtu angelia saa ngapi?

Kisha yakashuka kiunoni, yakaingia vidoleni, yakapanda hadi kwenye taya. Nikawa naamka asubuhi kama mtu aliyepigwa usiku kucha. Nyumba yetu ni kile kibanda cha mabati cha mviringo ambacho polisi wote wanakijua kwa jina la mama-ingia-pole, kwa kuwa mlango ni mfupi na lazima uiname. Mimi nilikuwa siwezi tena kuinama. Nilisubiri njia iwe tupu, kisha nikaingia nyumbani kwangu kwa magoti.

Nilipimwa. Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Sukari sawa, virusi hakuna, presha nzuri.

"Mama, damu yako ni safi kuliko yangu," daktari aliniambia, akacheka.

Nilicheka naye. Nilipotoka nje nikakaa kwenye ngazi, kwa sababu nilikuwa nimeyasikia maneno yangu mwenyewe kinywani mwake. Ugonjwa usio na jina.

Mtaniuliza kwa nini sikuwaambia wenzangu. Ni kwa sababu ya mlango.

Nyumba za kambi ni za askari, si za wajane wao. Afande Ogwang, mkuu wetu mpya aliyekuja baada ya Atoo kuondoka, aliniita baada ya matanga. Alinipa pole, kisha akasema, "Mama Aluoch, mimi sitauona mlango wako, bora kambi ikae safi. Siku utashindwa kazi, mlango nitauona."

Aluoch ni binti yangu wa pekee. Yuko sinia ya nne, yaani kidato cha nne. Mtihani wake uko mwezi wa kumi, na shule iko ng'ambo ya barabara. Nilijiambia, mpaka amalize mtihani huo tu.

Kwa hiyo nikaficha. Kila Ijumaa jioni nilikwenda kwenye duka la dawa, nikachomwa sindano ya maumivu ili kesho yake niweze kuinama. Jumamosi nilifagia kama msichana. Nilifagia hata mbele ya nyumba za wengine, wanione. Na kuanzia Jumapili hadi Jumanne sikuweza kuinua kikombe.

Aluoch ndiye aliyenifunga vifungo vya gauni. Ndiye aliyenichana nywele.

"Ni baridi tu," nilimwambia.

"Baridi ya Kampala hii, mama?" alisema. Hakuuliza zaidi.

Na wanawake waliendelea kuleta sigiri mlangoni kwangu. Nami niliendelea kuzipokea.

Wifi yangu Ayot alikuja kunitazama mwezi uliopita. Alinikuta nimelala saa nne asubuhi, akafunga mlango.

"Umemkosea nani?" aliuliza.

"Sijamkosea mtu."

"Fikiri vizuri. Damu safi, mwili unauma. Huo ni mdomo wa mtu, Adoch."

Nikajua papo hapo ni mdomo wa nani. Kwetu, uliyemdhulumu akikusemea neno kwa uchungu, neno lile linakaa mwilini mwako. Dawa yake ni moja. Unamfuata, anakusamehe, anakutemea maji kifuani, na neno linatoka.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Sikwenda kumwomba Atoo radhi. Nilikwenda ili anitolee laana. Siku ile niliona ni kitu kimoja.

Niliambiwa hakurudi kwao, yuko soko la Owino. Jumatano nikaenda, na kuku mweupe ndani ya kikapu.

Nilimkuta kwenye safu ya mashati ya mitumba, amekaa juu ya kigoda, anashona vifungo. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliniona kabla sijamsalimu.

"Mama Mwenyekiti," alisema. "Leo umekuja kubeba sindano yangu?"

Mwenye mashati, mama wa Kikongo anayeitwa Nabintu, aligeuka. "Njo huyu wa sigiri?"

"Ndiye."

"Eh! Nilifikiriaka ni mutu mukubwa. Kumbe ni mufupi hivi!"

Wakacheka wao, wakacheka na wauzaji wa safu ya pili.

Mimi nikaanza kupiga magoti. Niliweka mkono mmoja juu ya bunda la nguo, nikashusha goti moja, nikapumzika, nikashusha la pili. Ilichukua muda mrefu hata kicheko kikaisha chenyewe.

Atoo aliacha kushona. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinidanganye. Hiyo namna ya kupiga magoti mimi naijua."

Nikamwambia yote. Mabega, kiuno, vidole, damu safi. Nikasukuma kikapu mbele yake. "Atoo, mdogo wangu, toa neno lako. Nitemee maji."

Alimtazama kuku. Akanitazama mimi.

"Unasema mimi nimekuloga?"

"Sisemi kuloga. Nasema uliondoka na uchungu, na neno la mtu mwenye uchungu..."

"Adoch." Hakuwahi kuniita kwa jina langu tupu. "Kama mdomo wangu ungekuwa na nguvu hiyo, si ningeanza kwa kujiponya mimi? Mimi bado naumwa! Umeleta kuku kwa mgonjwa mwenzako."

Simu yake ikalia. Aliizima, akasimama katikati ya maneno, akazungusha mabega, akatembea hadi mwisho wa safu, akarudi, akakaa.

"Inalia kila dakika ishirini," alisema. "Nimechoka, sijachoka, nasimama. Zamani nilikuwa nangoja mpaka mwili ukatae. Ukishakataa, umechelewa."

"Nani alikufundisha?"

"Kuna nesi Mkongomani, Esperance, pale Bukoto. Nabintu ndiye alinipeleka. Nilifika nikiwa nimebebwa. Sasa unaniona."

"Amekuponya?"

"Hapana. Amenifundisha kukaa na ugonjwa huu. Kuna siku nzuri, kuna siku mbaya. Siku nzuri sifanyi kazi yote kama mwenda wazimu. Siku mbaya silali siku nzima."

"Na maji?" niliuliza tena. Naona haya kuandika kwamba niliuliza tena.

Atoo alitikisa kichwa. "Nikikutemea maji leo, kesho kambi nzima itasema Atoo alikuwa mchawi. Uvivu ulinitosha, dada. Ninachotaka ni kitu kimoja. Jumamosi, wakiwa wamekusanyika wote, uwaambie maneno matatu. Atoo hakuwa mvivu."

"Nitawaambia."

"Nitakuja kuyasikia kwa masikio yangu."

"Njoo," nilisema. Na nilikuwa na nia. Hilo nawaapia.

"Na kuku wako uondoke naye."

"Ah, amuache!" Nabintu alidakia. "Kuku iko na kosa gani?"

Alhamisi nilikwenda Bukoto. Nesi Esperance ni mwanamke mwembamba mwenye mikono ya moto. Alinibonyeza shingoni, mabegani, viwikoni, magotini, na kila alipobonyeza niliruka. Hakucheka. Alisoma majibu ya vipimo vyangu vyote, moja moja, akayaweka kando.

"Mama, unalalaka?"

"Nalala, lakini naamka nimechoka."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu tumzike baba Aluoch."

"Ulimulilia?"

Nikasema, "Wageni walikuwa wengi."

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba hilo lilikuwa jibu la kawaida. "Mama, sikia. Maumivu yako ni ya kweli. Haiko uongo, haiko uvivu, haiko ulozi. Wewe ni muke wa polisi, si ndiyo? Fikiri askari wa geti. Siku moja mwizi aliingia. Sasa yule askari, hata paka ikipita, anapiga filimbi. Filimbi inakuamusha kweli. Inakuumiza masikio kweli. Lakini mwizi hayuko. Vipimo vinatafuta mwizi tu, haviwezi kuona askari."

"Atanyamaza lini?"

"Polepole. Utamufundisha. Utatembea kidogo kila siku, hata siku yenye hautaki. Utalala saa ile ile na kuamuka saa ile ile kila siku. Kazi utaikata vipande. Nitakupa kidonge kidogo cha jioni, kinasaidia usingizi, lakini kazi kubwa ni yako. Na ile sindano ya Ijumaa, acha. Utaua figo."

"Jumamosi nitafagiaje bila sindano?"

"Dakika kumi unafagia, unakaa. Dakika kumi tena. Pengine mwenzako anafagia."

"Mbele ya watu?"

"Watu, mama," alisema, "ndio ugonjwa wako wa pili."

Aliniambia pia nizungumze habari za marehemu, kwa mtu au kwa karatasi. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilichagua karatasi, na ndiyo maana mnanisoma.

Kitu cha kwanza nilichoandika kilikuwa hiki. Siku ile sigiri ya Atoo ilipokaa mbele ya mlango wetu, Odyek alirudi kutoka zamu akiwa na njaa. Aliitazama. Hakuiruka. Alizunguka kando yake, akainama, akaingia. Akasema, "Adoch, mrudishie mwenzio moto wake."

Nikamjibu, "Mambo ya wanawake usiingilie."

Hakuingilia. Alikula, akalala. Sikumbuki kama tulizungumza tena usiku ule.

Nililia Alhamisi hiyo. Miezi kumi na minne baada ya mazishi, nililia juu ya daftari la hesabu la Aluoch.

Ijumaa sikwenda kuchomwa sindano.

Jumamosi asubuhi vidole vyangu vilikuwa vimevimba kwa hisia tu. Ukivitazama, ni vizima. Ukivikunja, ni moto. Aluoch alinifunga vifungo polepole, kimoja kimoja.

"Mama, leo usiende."

"Leo ndiyo siku ya kwenda."

Wanawake walikuwa wamekusanyika. Atoo alikuwa getini, amejifunga leso kichwani, amesimama upande wa kivuli. Alikuwa ameacha kazi yake Owino siku ya soko kubwa ili aje kunisikia. Aliniinamishia kichwa kidogo. Nami nikamwinamishia.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Wallahi, neno la kwanza lilikuwa ulimini.

Ndipo wanawake wawili wakaja wamebeba sigiri, sufuria ya uji bado iko juu, inatoa mvuke.

"Ya nani?" niliuliza.

"Ya Alal."

Alal ni mke wa konstebo kijana. Ameingia kambini Januari. Alitoka nyuma yao akishika ukuta, msichana wa miaka ishirini na mbili anatembea kama bibi. Na asubuhi hiyo hiyo, kati ya asubuhi zote, Afande Ogwang akawa anapita kukagua nyumba, daftari mkononi.

"Kuna nini hapa?"

"Alal hataki kufagia, Afande," mmoja alisema. "Jumamosi ya tatu hii."

"Si eti sitaki, Afande." Alal alikuwa bado ameshika ukuta. "Mwili yote inauma. Tangu nilipopoteza mtoto. Hata fagio, vidole haikubali kushika. Hospitali wanasema sina kitu."

"Banange!" mwingine akadakia. "Ugonjwa ya Jumamosi! Jumapili anavaa gomesi anaenda kuimba kwaya!"

Wakacheka. Kicheko kile nakijua. Mimi ndiye niliyekifundisha kambi ile.

Afande hakucheka. Alifungua daftari. "Bwana wake hana hata mwaka hapa, na tayari ana nyumba. Nina askari wazee wanapanga huko nje, wanangoja. Mimi sina nafasi ya watu wa kulala." Akanigeukia. "Mama Aluoch, wewe ni mzoefu wa hawa. Huyu ni mgonjwa ama ni mvivu? Sema neno moja, nimalize."

Nilijua maana ya neno hilo. Nikisema mvivu, nyumba ya Alal inakwenda. Nikisema mgonjwa, ataniuliza nimejuaje ugonjwa ambao hospitali haikuuona. Na nikimjibu hilo, atauona mlango wangu.

Nilimwona Atoo getini. Nilimwona Aluoch mlangoni petu, vitabu kifuani. Ilikuwa imebaki miezi minne tu afanye mtihani.

"Mvivu, Afande," nikasema.

Hakuna aliyenisukuma. Ulimi haukuteleza. Nililisema kwa sauti ile ile niliyotumia kwa Atoo, na nilipokuwa nikilisema mabega yangu yalikuwa yanawaka.

Alal hakulia. Alinitazama tu, kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha asiyoijua.

Afande alianza kuandika.

Atoo akatoka kivulini. Alipita katikati ya wanawake, na wale waliomkumbuka wakampisha. Alichukua ndoo, akaigeuza, akamkalisha Alal juu yake.

"Kaa, mdogo wangu. Pumua kwanza. Usisimame kwa sababu ya hawa."

"Na wewe ni nani?" Afande aliuliza.

"Atoo, Afande. Nilikaa nyumba namba tisa kabla hujaja. Mimi ndiye mvivu wa kwanza." Alisema bila hasira. "Mwenyekiti alinialika leo."

Afande akanigeukia. "Umemwalika?"

Macho yote yakanijia. Hapo nilipewa nafasi ya pili, wasomaji. Si wengi wanaopewa ya pili dakika ile ile.

"Amekuja kuchukua vyombo vyake," nikasema. "Aliviacha."

Nilingoja Atoo aseme. Nilingoja ataje magoti yangu Owino, kuku, Bukoto, sindano. Alikuwa na kila kitu mkononi mwake. Alinitazama, akashusha macho.

"Ndiyo, Afande," alisema. "Vyombo."

Akamwinua Alal taratibu, akaanza kumwongoza kuelekea getini. Alikuwa anamwambia jambo kwa sauti ndogo. Nikasikia neno Bukoto.

"Haya," Afande akasema. "Nyumba yake, namba kumi na moja, itoke mwisho wa mwezi."

Ndipo niliposikia vitabu vikianguka.

Aluoch alikuwa ameviachia pale mlangoni. Alikuja moja kwa moja hadi kwangu, miguu peku, akaushika mkono wangu wa kulia. Ule niliouficha nyuma ya gauni asubuhi yote, kwa sababu haukuweza kukunja vidole kushika fagio. Aliuvuta mbele, watu wakauona.

Akaniambia kwa lugha ya nyumbani, "Mama, mwambie. Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

Kambini tunasema Kiswahili kwa kuwa tumetoka kila upande. Lugha ya nyumbani ni ya kuongelea siri. Mwanangu alifikiri bado ananisitiri, kwamba hata sasa jambo lile linabaki baina yetu wawili.

Lakini Afande Ogwang ni mtoto wa Lira, huko huko kwetu. Alielewa kila neno.

Alifunga daftari. Akaja akasimama mbele yangu, karibu, akautazama mkono ule uliokuwa ndani ya mkono wa binti yangu. Na kwa lugha ile ile, kwa upole wa mtu wa kwetu, akaniuliza:

"Uniambie nini, mama?"